Kiwiko

Siku gari lile lilipoletwa kituoni,
Wesonga alilizunguka mara mbili, akalipiga tairi teke,
akasema, "Hili lina kiwiko."
Ngazi yetu ya zamani haikuwa nacho.
Ilinyooka tu, kama mtu mbishi:
ikikuta bango la duka, inaegemea bango,
ikikuta nyaya za stima, inarudi na aibu yake.

Mimi ndiye niliyefundishwa vijiti vyake.
Cha kushoto huinua bega,
cha kulia hukunja kiwiko,
na kidole gumba hugeuza kizimba
ulichosimama ndani yake kama kuku wa mnadani.
Wiki tatu nilipekua hewa ya Kisumu,
nikapita juu ya paa la kantini, nikateremka upande wa pili
hadi kwenye masufuria ya Min Akeyo,
naye akanitishia mwiko.
Ngazi haiwezi hilo. Ngazi haijui kwamba kuna upande wa pili.

Basi nikaamini.

Kisha ukaja usiku wa ghala la magodoro.
Godoro likiungua halitoi moto kwanza; linatoa giza,
giza zito, la kutafuna.
Nilivuka nyaya, nikavuka bango la kampuni ya rangi,
nikakunja kiwiko nyuma ya jengo,
na pale, dirisha la ghorofa ya nne,
nyuso kumi na moja.

Kizimba hubeba wanne.
Mimi ni mmoja wao.

Hesabu hiyo ifanye wewe uliyeketi.
Mimi niliifanya nikiwa nimesimama, upepo wa ziwa
ukikiyumbisha kizimba, bega la chuma likilia:
watatu, kushuka, kupanda tena, dakika tano.
Watatu. Dakika tano.
Ngazi ya Obonyo, ile mbishi,
ingewateremsha kama siafu, mmoja nyuma ya mwenzake,
bila mtu kuambiwa "wewe subiri."
Lakini ngazi isingelifikia dirisha lile.
Yote mawili ni kweli, na hayasameheani.

Mwanamke mmoja alinikabidhi mtoto,
akarudi nyuma bila kuombwa.
Safari ya nne nilitarajia wawili.
Yeye alikuwepo.
Mlinzi aliyekuwa amemshikia dirisha hakuwepo.

Mwezi uliofuata, Nyalenda. Mabati, mbao, mafuta ya taa.
Gari lilikomea kwenye lami.
Miguu yake minne hutaka nafasi ya magari mawili,
na udongo ule mweusi, baada ya mvua,
humeza gambuti, sembuse tani ishirini.
Likanguruma barabarani kama fahali aliyefungiwa nje ya boma,
kiwiko chake kimekunjwa kifuani,
nasi tukaingia vichochoroni na mpira mabegani,
watoto wakitutangulia kwa mabeseni.
Maji yakakatika kabla ya nyumba ya sita.

Obonyo hupenda kusema, akimenya karanga,
kwamba bei ya kile kiwiko ingenunua magari madogo matano
na kufufua kila bomba la maji la mtaani
lililojengewa kibanda juu yake.
Wesonga humuuliza, "Na wale kumi?"
Obonyo hutema ganda.
"Na zile nyumba thelathini?"
Halafu wote wawili hunitazama,
kana kwamba mimi ndiye mizani.

Sina jibu. Nina kopo la grisi.
Kila Jumatatu nakipaka kiwiko kwa kidole,
kwenye kifundo, polepole, maana kikikwama
kitakwama mtu akiwa juu.
Nikimaliza napanda peke yangu
na nafasi tatu tupu pembeni mwangu,
hadi juu kabisa, mji ukiwa umelala miguuni,
ziwa likiwa na rangi ya chai iliyopoa.

Nahesabu madirisha.
Kisha nahesabu vichochoro.
Bado sijawahi kuvimaliza.